Laktulosi, bisakodili au mafuta? Kuchagua dawa ya choo kinachofunga kila mara

"Nipe kitu cha kulainisha, mjukuu wangu."

Hivyo ndivyo wengi wanavyoanza wakifika kaunta ya duka langu la dawa. Husogea karibu, sauti inashuka, kisha wanatupia jicho nyuma kuona kama kuna mtu anasikia. Bibi huyu alikuwa na siku sita hajapata choo na alitaka mafuta, parafini au nyonyo, yoyote niliyonayo. Neno lake, kulainisha, ndilo linaloleta kazi. Kwenye rafu nyuma yangu dawa za choo ni za aina tano au sita, na ya kunywa inayotelezesha kweli kwa namna anayoiwaza yeye ni moja tu. Hiyo moja ningependa aichukue mwisho kabisa.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia tatizo gani. Kukosa choo siku mbili baada ya safari ya basi au wiki ya sikukuu hakuhitaji makala. Mtu mzima anayekwenda haja kubwa mara tatu kwa siku na anayekwenda mara tatu kwa wiki wote wako sawa, ilimradi hapati tabu. Vigezo vya Roma vilivyotolewa mwaka 2016, ambavyo madaktari wa tumbo hufuata, vinahesabu tatizo kuwa sugu pale dalili zinapodumu kwa miezi mitatu, huku zikiwa zimeanza angalau miezi sita nyuma. Dalili zenyewe ni choo chini ya mara tatu kwa wiki, kujikakamua, choo kigumu kama mavi ya mbuzi, hisia kwamba hakijaisha chote au kwamba kuna kitu kimeziba, au kulazimika kusaidia kwa kidole. Mbili kati ya hizo zinatosha.

Choo hukauka kwa sababu kazi mojawapo ya utumbo mpana ni kufyonza maji. Kikikaa humo siku nne badala ya moja, hufyonzwa siku nne. Utumbo wenyewe una ute wake wa kutelezesha, nao kwa kawaida hutosha. Kinachopungua ni maji ndani ya choo, au msukumo wa misuli, au vyote viwili. Mafuta ni nadra sana kuwa ndiyo yaliyopungua, kwa hiyo anayechagua dawa kwa kuangalia ipi inateleza zaidi anaanzia mahali pasipo.

Tuanze na hayo mafuta basi, maana ndiyo yanayoulizwa.

Parafini ya maji (si mafuta ya taa) hutengenezwa kutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, ikasafishwa mpaka haina rangi wala harufu. Mwili hauifyonzi ila kidogo sana. Hupita ikifunika choo kwa utando, ikizuia maji yasinyonywe, na baada ya saa sita hadi nane choo huteleza. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa upasuaji wa London, Arbuthnot Lane, aliipigia debe kweli kweli. Aliamini choo kikikaa tumboni hutia mwili sumu, na wagonjwa ambao mafuta hayakuwasaidia aliwakata utumbo mpana akautoa. Nadharia ya sumu ilizikwa zamani. Parafini ilibaki rafuni.

Ubaya wake unatokana na sifa ile ile inayosifiwa. Huvuja, na mtu akajikuta na doa la mafuta kwenye nguo bila kujua, kisha muwasho. Hubeba vitamini A, D, E na K zinazoyeyuka kwenye mafuta na kutoka nazo, hivyo kuinywa miezi na miezi si mchezo. Kubwa kuliko yote, matone yakipotea njia na kuingia kwenye mapafu hayamwamshi mtu kwa kikohozi kama maji yanavyofanya. Yanaingia kimya na kukaa, nayo mapafu huvimba nimonia ya mafuta isiyotibika kwa antibayotiki. Wanaopaliwa kirahisi ni watoto wadogo, wazee, wagonjwa wa kiharusi na waliolazwa kitandani, yaani haswa wale ambao ndugu zao huja kuwanunulia. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Mtu mzima akiinywa, iwe kwa siku chache tu, na asiinywe pale anapopandisha miguu kitandani.

Mafuta ya nyonyo, ambayo wengine huyaita ya mbarika, watu huyaweka kapu moja na parafini kwa kuwa yote ni mafuta. Ndugu hawa hawana damu moja. Parafini haifanyi kitu ila kuteleza. Nyonyo ikifika kwenye utumbo mwembamba humeng'enywa na kutoa asidi ya risinoleiki, inayoshika vipokezi viitwavyo EP3 kwenye misuli ya utumbo na kuikaza. Kwamba nyonyo hupitia kipokezi hicho kulitambuliwa na watafiti wa Ujerumani mwaka 2012. Vipokezi hivyo hivyo vipo kwenye misuli ya mji wa mimba, ndiyo maana wakunga wa zamani walijua nyonyo huchokoza uchungu, na ndiyo maana mjamzito asiyefikisha siku zake hapaswi kuigusa. Hufanya kazi kati ya saa mbili na sita, kwa msokoto wa tumbo usio na huruma. Wafuasi wa Mussolini kule Italia waliwanywesha wapinzani wao kwa nguvu ili kuwadhalilisha. Wazee wetu waliitumia kama haluli, kusafisha tumbo mara moja, na kwa kazi hiyo ya mara moja hawakukosea. Kwa choo kinachofunga mwaka mzima haifai.

Sasa zile ambazo kweli tunachagua kati yake.

Laktulosi ni sharubati tamu sana, inayojulikana zaidi kwa jina la Duphalac. Ni sukari iliyoundwa kiwandani ambayo mwili hauna kimeng'enya cha kuivunja, hivyo hufika utumbo mpana ikiwa nzima. Huko bakteria huichachusha, inageuka asidi, na asidi huvuta maji. Mtu mzima kwa kawaida huanza na mililita 15 asubuhi na 15 jioni, kisha hupunguza au kuongeza mpaka choo kiwe laini. Haina haraka. Siku moja hadi tatu hupita kabla ya matokeo, na katika siku hizo bakteria wanaochachusha hutoa gesi. Hapo ndipo watu huitupa chupa. "Imenijaza tumbo tu," wanasema, na walikuwa wamebakiza siku moja. Mwenye kisukari huiogopa kwa utamu wake, lakini kwa kipimo cha kawaida cha choo haipandishi sukari kwa kiasi cha kuhangaisha. Kipimo kikubwa, kama kile wanachopewa wagonjwa wa ini, ndicho cha kuangaliwa. Asiyepaswa kuinywa kabisa ni mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao kwa kawaida hugundulika utotoni.

Makrogoli hufanya kazi kwa njia ya karibu, ila haivunjwi na bakteria. Ni unga, mara nyingi ndani ya pakiti, unaokorogwa kwenye karibu nusu glasi ya maji. Maji yale unayokunywa nayo ndiyo yanayoshikiliwa na kufikishwa mpaka kwenye choo, kwa hiyo gesi ni kidogo. Mapitio ya tafiti ya mwaka 2010 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyozilinganisha hizi mbili yalikuta makrogoli ikishinda: mara za kwenda choo, ulaini wa choo, hata maumivu ya tumbo. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 kwa watu wazima nao umeipa pendekezo lenye nguvu, huku laktulosi ikipata la masharti. Ningekuwa na zote mbili mbele yangu kwa bei moja, ningempa mteja makrogoli bila kufikiri mara mbili. Ila bei si moja, wala makrogoli haipo kila duka. Laktulosi ipo karibu kila mahali, na iliyopo ikinywewa kila siku huifaa nafsi kuliko bora isiyopatikana.

Maziwa ya magnesia nayo huvuta maji, na kwa haraka zaidi, nusu saa hadi saa sita. Nafuu, yamezoeleka, na kwa mtu mwenye figo nzima hayana neno. Figo zikiwa mbovu magnesiamu haitoki, hulimbikizana mwilini, ikaweza kulegeza misuli na kuvuruga moyo. Wagonjwa wengi wa shinikizo la damu na kisukari wa muda mrefu hawajui hali ya figo zao. Mimi huuliza kabla sijashika chupa.

Upande wa pili ni dawa za kuchokoza misuli. Bisakodili, ile Dulcolax, ni kidonge kidogo cha miligramu 5 chenye ganda linalokizuia kisiyeyuke tumboni. Usikitafune, usikinywe na maziwa wala dawa ya kiungulia, maana ganda litafunguka mapema na utapata msokoto wa juu usio na faida. Kimoja au viwili usiku, choo asubuhi. Sanamaki, majani yaliyokuja kwetu na wafanyabiashara na mahujaji na ambayo jina lake limebeba Makka ndani yake, hufanya kazi hiyo hiyo kwa saa nane hadi kumi na mbili. Vidonge vyake vya miligramu 7.5 vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tofauti kati ya hizi mbili ni ndogo. Sanamaki hugeuza mkojo rangi ya kahawia au wekundu, jambo ambalo humtoa mtu mbio asipoambiwa. Majani makavu ya sokoni yana tatizo moja: hakuna anayejua mkono wako umechota miligramu ngapi.

Je, huzoesha utumbo mpaka ukagoma bila dawa? Hofu hii ni kubwa, na ushahidi wake ni mwembamba kuliko sauti yake. Vipimo vya kawaida havijaonyeshwa kuua mishipa ya fahamu ya utumbo. Sanamaki ya muda mrefu huweza kuugeuza ukuta wa utumbo mpana rangi nyeusi, na weusi huo hufifia baada ya kuacha. Mara nyingi kinachoonekana kama uzoefu ni ugonjwa ule ule wa awali kurudi dawa ilipoachwa. Hata hivyo mimi bado huzipendekeza kama msaada wa siku kadhaa, au juu ya laktulosi pale yenyewe isipotosha, na anayeona anazihitaji kila usiku kwa mwezi mzima aende akachunguzwe.

Hapa niseme kidogo kuhusu chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina sanamaki, iwe imeandikwa au la. Chakula hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Sanamaki inachokoza utumbo mpana, huko ambako nishati ilishachukuliwa zamani. Kilo zinazopungua kwenye mizani ni maji, pamoja na potasiamu ambayo moyo unaihitaji. Ukinywa maji, kilo zimerudi.

Nyuzinyuzi zinasifiwa mno na zinastahili, ila kwa masharti. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alipima pamoja na wenzake choo cha wanavijiji wa Uganda na cha Waingereza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalionyesha wanavijiji wakitoa takriban gramu 470 kwa siku, na chakula kikipita kwa karibu saa 36; wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa karibu gramu 104, baada ya saa zaidi ya 80. Wale wa kijijini walikuwa wanakula matoke, maharage, viazi na majani. Leo mjini tunakula ugali wa sembe nyeupe na chipsi, na huku tunanunua maganda ya mbegu za ispagula, nyuzinyuzi za kukoroga, dukani ili kurudisha tulichokoboa. Ispagula inafaa kwa mwenye choo kigumu kidogo ambaye hana haraka. Ikorogwe na kunywewa mara moja, kwa glasi nzima ya maji na nyingine baadaye, kamwe si wakati wa kulala. Ikikosa maji huvimba njiani na kuziba. Na kwa mtu ambaye tayari choo kimegandamana tumboni, kumwongezea nyuzinyuzi ni kuongeza magari kwenye foleni.

Huyo wa mwisho huhitaji dawa ya kuingiza njia ya haja kubwa: gliserini, au bisakodili ya miligramu 10. Zinafanya kazi ndani ya saa moja, mara nyingi dakika 15 hadi 30. Gliserini hulainisha na kuchokoza kidogo papo hapo, mlangoni, bila hatari ya mapafu. Anayetaka kuteleza kwa maana halisi, hapa ndipo kulainisha kunapoleta maana. Watu huona aibu. Aibu hiyo ni ya dakika moja, kujikakamua na kupata bawasiri ni kwa miezi.

Kwa anayependa kuziona zimekaa pamoja:

| Dawa | Huanza baada ya | Jihadhari |
|---|---|---|
| Makrogoli | siku 1–3 | koroga na maji ya kutosha |
| Laktulosi | siku 1–3 | gesi siku za mwanzo |
| Magnesia | nusu saa–saa 6 | figo mbovu |
| Bisakodili ya kumeza | saa 6–12 | maziwa, dawa za kiungulia |
| Sanamaki | saa 8–12 | msokoto, mkojo kubadilika rangi |
| Ispagula | nusu siku–siku 3 | maji kidogo, kulala |
| Gliserini ya kuingiza | dakika 15–60 | muwasho wa muda mfupi |
| Parafini | saa 6–8 | kupaliwa, vitamini, kuvuja |
| Nyonyo | saa 2–6 | ujauzito, msokoto mkali |

Kuna dawa mpya zaidi, za kuandikiwa na daktari pale hizi zikishindwa. Lubiprostoni (Marekani, 2006) na linaklotidi (2012) huuambia ukuta wa utumbo umwage maji. Prukalopridi, iliyoruhusiwa Ulaya 2009 na Marekani 2018, huamsha misuli kupitia vipokezi vya serotonini. Zinasaidia, ni ghali, na asiyewahi kunywa laktulosi kwa mpangilio hata wiki mbili hana sababu ya kuanzia huko.

Mjamzito: laktulosi au makrogoli, na aulize kama vidonge vya chuma anavyopewa kliniki ndivyo vinavyomfunga, kwani mara nyingi ndivyo. Asiviache mwenyewe, damu ni muhimu kuliko choo. Mtoto: makrogoli ndiyo inayoanza kwenye miongozo mingi, kwa kipimo cha uzito au umri, na laktulosi pale makrogoli isipokuwepo. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, kikija ni laini, hana ugonjwa. Lakini aliyezaliwa na kupitisha siku mbili bila choo cha kwanza ni wa hospitali, si wa dukani.

Kundi linalosahaulika ni la wanaotumia dawa za maumivu za jamii ya morfini. Hizi hufunga utumbo, na mwili hauzoei hilo hata baada ya miezi. Uganda, ambako daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa, shirika la kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, mwaka 1993 na morfini ya maji ikawafikia wagonjwa wa saratani majumbani, kanuni ya wahudumu ni kwamba anayepewa morfini anapewa na dawa ya choo siku hiyo hiyo, hata kabla hajafunga. Hapa nyuzinyuzi haziwi jibu. Kinachotakiwa ni kichochezi kama bisakodili au sanamaki, mara nyingi pamoja na laktulosi au makrogoli. Kodeini na tramadoli zimo kwenye jamii hiyo, ingawa watu hudhani ni "dawa ya maumivu tu".

Na kabla ya dawa yoyote: damu kwenye choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, choo kilichobadilika ghafla kwa mtu aliyepita miaka 50, au saratani ya utumbo katika ukoo, hivyo vyote vinakwenda kwa daktari. Tumbo lililojaa, linalouma, likiwa na kutapika na hata hewa haitoki, ni la dharura. Huko haluli ya aina yoyote inaweza kupasua utumbo.

Kwa bibi wangu niliuliza maswali hayo yote, na moja zaidi: unameza nini kingine? Akafungua mkoba, akatoa pakiti ya vidonge vya magoti. Kodeini ndani yake, miezi mitatu sasa, na tatizo la choo lilikuwa na umri ule ule. Hakuwa amekonda, hakuwa na damu, hewa inatoka vizuri. Nilimpa gliserini ya kuanzia siku hiyo, bisakodili moja ya usiku, chupa ya laktulosi, na karatasi niliyoandika jina la kile kidonge cha magoti ili aionyeshe kwa daktari wake na waone kama kuna kingine kitakachomfaa.

Alikunja karatasi, akaiweka kifuani, akanitazama kwa mashaka kidogo.

"Na ile nyonyo yangu niliyonunua sokoni jana?"

"Paka nywele, bibi."

"Hizi mvi?"

"Hizo hizo."

Akacheka, akaomba nimfungashie dawa kwenye mfuko usioonyesha ndani.